Shangazi Hakuwaambia Wafungue Kabati

Shively, Louisville
Jumatano

Mama mpendwa,

Shikamoo. Jaji alisema jana alasiri, mbele ya watu wote, kwamba hataamua siku hiyo ombi la mdogo wangu Deo la kukataa ushahidi wa polisi, kwa sababu anataka kwanza kuyatafakari majibu ya Shangazi. Naanza na hilo nikijua ndilo utakalolitafuta ukifungua bahasha. Deo hajafungwa, yuko hapa nyumbani na anakwenda kazini kama kawaida. Na wewe goti linaendeleaje? Mvua za Kasulu zimekuachia mahindi yoyote?

Nikupangie mambo yalivyokwenda, maana kwenye simu kila mtu alikueleza kipande chake.

Deo alipoacha kazi kwenye ghala la kwanza, alisahau mashine ya kusomea lebo za mizigo kwenye mfuko wa jaketi. Ni ndogo kama simu. Aliikuta baada ya wiki, akawa anaahirisha kuirudisha. Hapo alikosea, sikufichi. Ghala likaripoti wizi. Polisi wawili wakaja mchana, Deo akiwa kazini, bila hati ya upekuzi. Wakagonga. Unamjua Shangazi, wifi yako: alifungua mlango wote, akavuta viti, akaenda kumimina juisi ya nanasi. Mmoja akanywa. Mwenzake akapita mpaka chumbani kwa Deo, akafungua kabati, akatoka na mashine.

Kesi nzima imesimama hapo. Katiba ya hapa, kwenye Marekebisho ya Nne, inawazuia polisi kupekua nyumba ya mtu bila hati, isipokuwa kwa sababu chache, na moja ni kama mwenyeji ameruhusu. Mwendesha mashtaka anasema Shangazi aliruhusu. Wakili wa Deo anasema alikaribisha wageni tu. Jaji akikubaliana na wakili, mashine haitatumika kama ushahidi, na bila mashine hawana kesi.

Jana Shangazi alikaa kwenye kiti cha mashahidi, mkalimani pembeni yake. Niliandika maneno yalivyotoka, kama nilivyozoea redioni Kigoma.

"Uliwafungulia mlango?" mwendesha mashtaka alimuuliza.

"Niliwafungulia."

"Ukawapa na juisi."

"Kulikuwa na joto."

"Afisa alipokwenda chumbani, ulimwambia arudi?"

"Nilibaki nimesimama na jagi mkononi."

"Kwa hiyo hukumkataza."

Jaji akaingilia kati, akamuuliza yeye mwenyewe kwa nini hakusema neno. Shangazi akamgeukia.

"Mheshimiwa, mgeni ukimpa kiti anakaa. Nimezeeka sijaona mgeni aliyepewa kiti akaenda kufungua kabati. Ningemkatazaje jambo ambalo sikujua mtu anaweza kulifanya?"

Watu wa nyuma walicheka. Jaji hakucheka. Aliandika.

Sasa kuhusu ushauri wako, kwamba Deo aombe msamaha yaishe. Msamaha aliomba kwa barua, ghala halikujibu. Wanachokitaka sasa ni kingine. Mwendesha mashtaka amesema Deo akikiri wizi hatalala jela hata siku moja. Lakini wakili ametueleza wazi: Deo bado si raia, na rekodi ya wizi inaweza kumfukuzisha nchini. Aende wapi, Mama? Bujumbura tulikokimbia, ya mwaka huu unaijua kuliko mimi, majirani zako wapya wametoka huko juzi tu.

Konso alipiga simu kutoka Reynoldsburg, kule Columbus, akamsihi kaka yake.

"Deo, kubali tu. Huku watu wanakiri, kesho wako kazini."

"Mpaka lini, Konso?"

"Na wewe unabishana na serikali ya Marekani, hata kuendesha gari umejua juzi?"

"Katiba ni ya kwao. Mimi nawasomea tu."

Mjomba wa Buffalo alipopata habari hakumsihi mtu. Alisema Wamarekani wenyewe wanabishana kila siku kwenye televisheni kuhusu polisi waishie wapi, na sisi kodi tunalipa kama wao, basi tubishane.

Kanisani, mzee mmoja alipendekeza watu watangaziwe wasimfungulie mlango mtu yeyote wasiyemfahamu. Shangazi akasimama na mkoba wake.

"Mlango wangu nitaufungua, na juisi nitatoa. Aliyekosa adabu ni yule wa kabati, halafu mnataka kunifundisha mimi?"

Wakili amemwambia kwamba mtu anaweza kufungua mlango na bado akasema chumbani hapana, na hilo amelishika. Kukiri, Mama, hatukiri. Usituombee tulegee.

Nisalimie Baba Mdogo kwenye cherehani yake, mwambie suruali aliyonishonea bado inavaliwa. Msalimie pia Mama Yeremia, jirani anayekuchotea maji, na shemeji yangu mwalimu, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii. Shemeji, ulipofika penye Bujumbura natumaini hukuruka.

Jaji atasoma uamuzi Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi. Shangazi ameshapiga pasi kitenge ulichomtumia. Deo ameomba ruhusa kazini ya nusu siku tu. Msimamizi alimuuliza kama ana hakika inatosha, akamjibu kwamba saa saba atakuwa amerudi kwenye zamu.

Mwanao mkubwa,
Evariste