Kikao cha Raketi za Ukutani

CHAMA CHA TENISI, UWANJA WA NYUMA YA BOHARI
KIKAO CHA TATU CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi ya pili ya mwezi Machi
Mahali: Chumba cha vifaa

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Muuguzi, Mshonaji, Fundi Bomba (ajulikanaye kwa jina la Kombora), Katibu.
Asiyehudhuria: Mhazini (alitoa taarifa ya safari ya kikazi).

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa na nusu alasiri. Aliomba wajumbe wasimame kidogo kumkumbuka Mwalimu, mfundishaji na mtunza vifaa wa chama, mume wa Katibu, aliyefariki mwaka jana. Wajumbe walisimama. Katibu anashukuru.

KUMB. NA. 2/3: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Ilielezwa kwamba wavu umeshonwa. Kombora aliuliza kwa nini mshono umekwenda upogo. Mshonaji alimjibu kwamba wavu si suruali ya harusi. Mwenyekiti aliomba kikao kiendelee.

KUMB. NA. 3/3: UCHAGUZI WA RAKETI
Mwenyekiti alieleza kwamba wanachama wengi wameacha kucheza kwa maumivu ya kiwiko, na uwanja sasa unashinda mtupu. Kamati ilitakiwa kuamua iwapo raketi za chama, zile zinazoning'inia ukutani tangu wakati wa Mwalimu, ziondolewe na kununuliwa nyingine.

Kombora alisema ziondolewe zote. Alileta raketi yake mpya, nzito, nyuzi zimekazwa kama za mabingwa anaowaona kwenye televisheni. Alisema zile za ukutani zimekula chumvi nyingi, na chama si nyumba ya makumbusho.

Katibu aliomba neno hilo lirudiwe ili liandikwe sawasawa. Kombora alisema, "Aa, shemeji, sikukusudia hivyo." Mwenyekiti aliagiza yaandikwe yote mawili.

Mwenyekiti alitoa maoni kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwamba zamani watu walicheza bila kulalamika. Muuguzi alisema, "Mzee, aliyesema hivyo hakuwa na kiwiko kinachouma." Aliongeza kwamba raketi nzito yenye nyuzi zilizokazwa sana huurudishia mkono kishindo chote cha mpira. Kwa ushahidi, alimwomba Kombora apandishe mkono wa shati. Kombora alisita, kisha akapandisha. Ilionekana bendeji. Mshonaji alisema, "Kumbe kombora limemlipukia mrushaji!" Kikao kilichukua muda kutulia.

Muuguzi aliishika raketi ya Kombora mkono mmoja na ya ukutani mkono mwingine. Ile mpya, ingawa nzito, vidole vyake viliuzunguka mpini wake. Ile ya ukutani havikuuzunguka. Alisema mpini mnene nao huumiza kiwiko, akauliza mipini imenenepa tangu lini.

Mshonaji ndiye aliyeeleza kwamba tangu msiba, kila utepe wa mshiko ulipochakaa, wanachama walizungushia mwingine juu yake. Hakuna aliyebandua wa chini. Alisema, "Nani angethubutu kuvua utepe aliofunga Mwalimu kwa mkono wake, na mkewe ameketi pale anaandika?" Mwenyekiti alikiri kwamba hata yeye amezungushia. Kombora naye alikiri.

Katibu alieleza kwamba hakujua. Alieleza pia kwamba marehemu hakuwahi kuuonea utepe huruma. Ukianza tu kuteleza aliubandua akautupa, na vipande vilimganda kwenye suruali hadi nyumbani. Katibu alikuwa akivinyofoa kabla ya kufua, huku akimgombeza. Alisema angependa kuvinyofoa tena, lakini utepe uliooza si ukumbusho wa mtu.

Iliamuliwa tepe zote zibanduliwe. Wajumbe walianza papo hapo. Ulitoka mweupe, ukafuata mwekundu, ukafuata mweupe mwingine, na chini kabisa ule wa buluu wa Mwalimu. Mwenyekiti alishauri wa buluu ubaki. Katibu alisema utoke, na wa kwanza aliutoa mwenyewe.

KUMB. NA. 4/3: NAMNA YA KUPIMA
Muuguzi aliomba wajumbe wakumbushwe jinsi Mwalimu alivyompimia mtu raketi. Katibu alieleza: mtu aushike mpini kama anayesalimiana nao, kisha kidole cha mkono wa pili kipite kati ya ncha za vidole na kiganja. Kisipoingia, mpini ni mwembamba. Kikipwaya, ni mnene. Mwalimu alikuwa akisema, "Nafasi ya kidole kimoja tu. Mkono nao unahitaji pa kupumulia."

Wajumbe walipimwa. Raketi zilizobanduliwa ziliwafaa Muuguzi, Mshonaji na Mwenyekiti. Kombora, mwenye mikono mikubwa, hakupata.

Ilibaki raketi moja, ya Mwalimu mwenyewe, kwenye msumari wa karibu na dirisha. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Ni nyepesi, nyuzi zake hazikukazwa sana, na mpini ni wa mkono mkubwa. Wajumbe hawakuitazama. Kombora alisema atanunua nyingine, wala hakuna haraka.

Katibu aliinuka, akaitungua, akaubandua utepe wake, akampa Kombora aishike. Kisha alipitisha kidole. Kiliingia bila kubanwa.

Kombora alisema, "Shemeji, hii siiwezi." Katibu alimjibu kwamba imening'inia vya kutosha, na chama si nyumba ya makumbusho.

AZIMIO: Raketi za ukutani zibaki na zichezewe. Utepe ukichakaa, ubanduliwe kwanza.

KUMB. NA. 5/3: VIATU NA MIPIRA
Hoja hii iliahirishwa, kwa kuwa wajumbe walikuwa wameshatoka kwenda uwanjani.

KUMB. NA. 6/3: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alikifunga kikao saa kumi na mbili kasorobo, akiwa upande wa pili wa wavu. Katibu alibaki chumbani kukamilisha kumbukumbu hizi, na kunyofoa kipande cha utepe wa buluu kilichokuwa kimeganda kwenye gauni lake.

Sahihi: ........................ Mwenyekiti
Sahihi: ........................ Katibu