Paskalina Hakupanda Boti

Jumatatu. Mvua tangu alfajiri, na baridi ya huku kwetu inaingia mpaka kwenye mifupa.

Baba Paskalina amekwenda shamba kugeuza matuta. Nimebaki na hili daftari la kisomo cha watu wazima. Nimerudi jana, sijamwambia kitu cha maana, na yeye hajauliza mara ya pili.

Binti yetu anafua na kutandika kwenye nyumba ya wageni kule ziwani, mbele ya Kasanga. Kila mwaka mvua zikianza nyumba hufungwa, wafanyakazi hurudi makwao. Safari hii hakurudi. Nikawa najiambia labda wageni wamezidi. Uongo wangu mwenyewe. Nani anakwenda kuoga ziwani masika?

Basi nikashuka na lori la duka, nikalala Kasanga kwa shangazi, Jumamosi asubuhi nikapanda boti. Tulikuwa abiria wanne na mbuzi mmoja. Nilitapika mpaka nyongo. Boti ingetupitia tena saa nane, kwa hiyo nilikuwa na saa tatu za kumchukua mtoto.

Ufukweni hapakuwa na mtu. Viti miguu juu, madirisha yamepigiliwa mbao. Mlinzi, mzee mwenye koti la mvua, akanitania, "Mama, umekuja kuogelea? Umechelewa, wenzako wameshajikausha." Nilipomwambia mimi ni mama wa nani, akavua kofia.

Akanipeleka nyuma ya nyumba.

Paskalina alikuwa chumba cha nyuma, anapiga pasi mashuka yasiyo na wa kuyalalia. Amekonda. Alinipa kigoda, akanieleza huku macho yakiwa kwenye pasi.

Kumbe alikuja nyumbani mwezi wa kumi na mbili, na mimba ya miezi saba. Alitembea toka barabarani mpaka kijijini kwetu kwa zamani, akakuta kuta tupu. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, yeye akiwa kazini ziwani, tulibeba mpaka milango na miti ya paa, na majirani wote walihama na sisi. Hakuona hata mtu wa kumuuliza. Alilala humo siku mbili akinyeshewa, akidhani tutatokea. Kisha akarudi ziwani. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, hakulia.

Mlinzi ndiye aliyechimba kaburi. Liko nyuma ya jiko, halifiki hata urefu wa mkono wangu. Nilipiga magoti nikasali Baba Yetu, nikapotea katikati.

Nikamwambia Paskalina afunge nguo zake, twende nyumbani.

"Nyumbani wapi, mama?"

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningepumua.

Akaniuliza mbona hatukumpelekea hata kikaratasi. Niliinama nikawa nakunja mashuka yake.

Jibu ni hili, naliandika hapa kwa sababu mdomo ulikataa. Kuandika nilikuwa najua. Niliona haya. Yeye amemaliza darasa la saba, na mimi herufi zangu zinaangukiana kama watu waliotoka kilabuni. Nikasema, tutamwambia akija.

Tutamwambia akija!

Boti ilipopiga honi alinisindikiza mpaka majini. Akanifunga khanga vizuri kichwani mvua isinipige, kama vile mimi ndiye mtoto. Akabaki amesimama pale pale.

Baba yake akirudi shamba nitamwambia yote, hata hilo la haya yangu. Akitaka kunifokea anifokee.

Nimechana karatasi ya katikati. Nimemwandikia Paskalina ateremke kwenye ghala la kijiji, ahesabu nyumba nne kwenda upande wa kanisa, na akipotea aulize kwa Mama Paskalina, maana huku wananiita hivyo. Dereva wa lori la duka anashuka tena kesho asubuhi, ataibeba barua.

Kisomoni tulifundishwa barua huanza na salamu, na mfano uliokuwa ubaoni ni mmoja tu. Nikaufuata. Paskalina mwanangu, shikamoo. Nimesoma tena ndipo nikashtuka, mama hamwamkii mtoto wake hivyo.

Nilishika kalamu nilikate hilo neno.

Nimeliacha.