Nyusi Zisizonyanyuka

Dada mpendwa,

Huku wazima, ila yule paka uliyeniachia amelichana kochi lote. Kazini bado niko mapokezi ya hoteli. Meneja alianza kusema sura yangu imechoka, eti wageni wanaiona, bora nihamie kufua mashuka. Nikakimbilia kwa daktari wa ngozi.

Akaniambia nichague sindano: ya kujaza mashavu, au ya kulegeza misuli ya paji la uso ili mikunjo ilale. Mimi na kiherehere changu nikachagua ya paji. Sasa limenyooka kama shuka lililopigwa pasi, na meneja anachekelea.

Lakini dada, unajua mwanangu hasikii. Tukiongea kwa mikono, husoma moyo wangu kwenye nyusi; nikiuliza swali huzinyanyua, na sasa hazinyanyuki kabisa. Jana nilimuuliza habari za shule, akadhani namgombeza, akalia hadi akalala. Daktari anasema nivumilie miezi kadhaa, dawa itaisha yenyewe. Nitavumiliaje?

Leo amenipanda mapajani, akaweka vidole gumba kwenye nyusi zangu, akazisukuma juu, akazishikilia hivyohivyo, akisubiri nimuulize tena.

Njoo, dada, nimekwama.

Mdogo wako