KIKAO CHA KAMATI KUHUSU KANUNI YA "KETI KWANZA"

SHIRIKA LA MAJIRANI WA WAGONJWA, MIGORI NA HOMA BAY
Tarehe: Jumamosi, 17 Mei 2025
Mahali: Ukumbi wa kanisa, Rongo

Waliohudhuria:
Bw. Boaz Otiato – Mwenyekiti
Bw. Levis Odongo – Katibu
Bi. Phelesia Adoyo – Msimamizi wa matembezi
Bw. Maurice Ouko – Meneja wa miradi
Bw. Mniko Wangwe – Tawi la Isebania

Mwalikwa: Bi. Trizah Anyango – Mkufunzi wa uongozi na mabadiliko, Homa Bay
Aliyetuma udhuru: Bi. Mellen Mokeira (msiba)
Asiyehudhuria bila udhuru: Bw. Jeff Okemwa, kama kawaida

KUMB. NA. 1/05/2025: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilichoitishwa saa tatu kilianza saa nne. Bw. Wangwe aliomba kwa Kikuria, kwa kirefu. Mwenyekiti alimshukuru na kumkumbusha kwamba ripoti za matawi zina ajenda yake.

KUMB. NA. 2/05/2025: MAADILI YA SHIRIKA
Bi. Trizah alieleza kwamba kazi yake si kuliambia shirika liamini nini, bali kulisaidia kutazama kama linatenda linachosema linaamini. Kwa sababu hiyo aliyaandikia matawi yataje "thamani zetu tano".

Bw. Maurice alisoma mapendekezo ya ofisi: Uwazi, Ubunifu, Ufanisi, Uwajibikaji. La tano lilikuwa bado linatafutwa. Katibu alisema maneno hayo yangeweza kubandikwa kwenye ukuta wa benki au wa bucha na hakuna mteja ambaye angeshtuka. Mwenyekiti alimtaka Katibu aandike, asihutubu. Katibu alijibu kwamba anaweza yote mawili.

Bw. Wangwe alisoma majibu ya Isebania: machela, birika, baiskeli, mwavuli na kigoda. Bw. Maurice alicheka na kusema, "Mzee, hizo ni thamani za stoo." Bw. Wangwe alisema, "Mliandika thamani. Mngetaka maadili mngeandika maadili." Bi. Trizah alikubali kwamba kosa la neno ni lake, akaomba aelezwe habari za kigoda.

Bw. Wangwe alieleza kwamba shirika lilipoanza, ugonjwa ule ukiogopwa hata kutajwa, mgonjwa alitengewa kikombe chake, sahani yake na kiti chake, na hakuna mgeni aliyekubali kukaa hapo. Watembeleaji wa kwanza walikuwa wakikiomba kiti hicho hicho wakikalie. Familia moja ilikitoa kigoda hicho, kiti cha mgonjwa wao, kama asante baada ya mazishi.

Mwenyekiti alikumbuka jinsi walivyotoka Suna alfajiri wakiimba, viatu mkononi kwa sababu ya tope, na jinsi walivyokunywa chai isiyo na sukari wakiisifu utamu. Bi. Phelesia alisema hajawahi tena kunywa chai tamu kama ile. Ajenda ilisimama kwa muda, wala hakuna aliyelalamika.

KUMB. NA. 3/05/2025: PENDEKEZO LA KUFUTA KANUNI
Kanuni inasema: "Mtembeleaji aketi kwanza, anywe atakachopewa, ndipo aulize habari za ugonjwa." Bw. Maurice alipendekeza ifutwe na matembezi yageuzwe kuwa simu na ujumbe. Alieleza kwamba wagonjwa wa siku hizi wanameza dawa, wanalima na kwenda sokoni. Alimnukuu Austine, mgonjwa wa Uriri: "Mkikaa kwangu, majirani wanaanza kuniangalia vibaya. Nitumieni meseji tu."

Bi. Phelesia alisema kanuni ikifutwa atarudisha aproni ya watembeleaji siku hiyo hiyo, maana hatawafundisha vijana kusalimia watu kama makarani wa sensa.

Bw. Maurice: "Mama, hizo zilikuwa enzi zenu. Watu sasa wako sawa."

Bi. Phelesia: "Wako sawa, nyathiwa, mwanetu, kwa sababu kuna mtu aliketi."

Katibu alizungumza kuhusu mashirika yanayozaliwa jikoni na kufia kwenye semina za hoteli. Mwenyekiti aliagiza hotuba hiyo isiingizwe katika kumbukumbu. Haikuingizwa.

KUMB. NA. 4/05/2025: SWALI LA MKUFUNZI
Bi. Trizah alisema amesikia wajumbe wakiipenda sana kanuni hii. Aliomba kila mmoja ataje nyumba aliyoketi mwaka huu.

Mwenyekiti alitaja goti lake linalouma. Bw. Wangwe alisema kigoda kimefungiwa stoo kisiibwe. Bw. Maurice alisema husoma ripoti. Katibu alisema ameandika makala mbili kuhusu umuhimu wa kuketi. Bi. Phelesia alitaja nyumba mbili, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba Austine alimwomba aondoke kabla chai haijachemka, na kwamba jambo hilo lilimuuma.

Bi. Trizah aliuliza kama majirani wa zamani hawakuwa na midomo.

"Walikuwa nayo!" alisema Bi. Phelesia. "Lakini tuliketi kila nyumba ya boma, kwa wazima na kwa wagonjwa. Nani angejua tumemfuata nani?"

Aliulizwa desturi hiyo iliishia wapi. Mwenyekiti alisema, "Niliikomesha mimi. Nilisema tuokoe muda." Bi. Phelesia alisema naye aliunga mkono, kwa kuwa mwaka ule mvua ilikuwa nyingi na miguu ilikuwa imechoka.

Bw. Maurice alisema hakuwahi kuelezwa habari hizo tangu aajiriwe. Aliikuta kanuni ikiwa nusu, akadhani ndiyo yote. Alikiri kwamba boma zima likitembelewa, lalamiko la Austine halina nguvu tena. Kisha akauliza: "Lakini nani atatembea?" Bi. Trizah alisema swali hilo hawezi kulijibu kwa niaba ya kamati.

KUMB. NA. 5/05/2025: UAMUZI
Bw. Maurice alikubali kuondoa pendekezo lake kwa sharti kwamba wajumbe watembee wenyewe, kwa kuwa hatawatetea wazee wanaokumbuka tu mbele ya vijana.

Bi. Phelesia alisema mchana huo anatarajiwa Uriri kwa Mama Susana, mmoja wa anaowatembelea, na boma lile lina nyumba nyingi kuliko anavyoweza peke yake. Mwenyekiti alitaja goti tena. Bi. Phelesia alimwambia, "Goti hilo hilo ndilo la kuketi, Mzee."

Iliamuliwa kwa kauli moja:
(a) Kanuni ibaki, na maneno "katika kila nyumba ya boma" yarudishwe.
(b) Kila mjumbe wa kamati atembee, Katibu akiwemo.
(c) Maneno ya kubandika ukutani yasubiri.

KUMB. NA. 6/05/2025: MENGINEYO
Hayakujadiliwa. Bi. Phelesia alikuwa amekwisha kufunga aproni, Bw. Maurice yuko nje akiita pikipiki, na Bw. Wangwe amekwenda naye. Idadi ya wajumbe haikutosha tena.

KUFUNGA
Kikao kilivunjika saa saba na dakika ishirini bila sala. Bi. Phelesia alisema itaombwa hukohuko.

Katibu: L. Odongo

Mwenyekiti: B. Otiato
(amesaini Uriri, bomani kwa Mama Susana, nyumba ya nne, chai ikiwa bado jikoni)