Kanyaga, Shikilia, Achia

Jumamosi, 4 Machi

Leo turubai limetoka. Pikapu ya marehemu baba mkwe imelala uani tangu nimeolewa, na mimi nimefunga kamba zangu za nguo juu yake bila kumwomba mtu ruhusa. Asubuhi bwana kaniambia nizifungue. Nizifungue! Na nguo za wateja nianike wapi, kichwani? Anaifufua, anasema. Likizo yake yote itaishia humo.

Mama mkwe kafurahi hadi kasahau goti lake bovu. Kasimama, kaipapasa boneti, kasema vyombo vyake vya kuanzia maisha vilibebwa na gari hili hili, na hakikuvunjika hata kikombe.

Nimeipa jina: Bi Mkubwa. Ilikuwepo nyumba hii kabla yangu. Mimi ni mke mdogo, nijue nafasi yangu.

Jioni nimemwona bwana anafuta taa za mbele kwa fulana yake mwenyewe. Moja, halafu nyingine. Polepole, anapuliza, anafuta tena. Mimi nina shingo inayouma kwa kuinamia cherehani na hajawahi kuuliza inauma upande gani.

Jumanne, 7 Machi

Imewaka! Imekohoa, imepiga chafya, imetoa moshi mweusi — na moshi wote umeingia dirishani kwangu, kwenye shela ya bibi harusi niliyoitundika jana. Nimefua mara mbili. Bwana anacheka tu uani kama kapata mtoto.

Ila breki hamna. Ukikanyaga, mguu unazama hadi chini. Upepo umeingia kwenye mabomba, kasema. Moyo ukanidunda, maana kutoa upepo nakujua. Tulipokuwa wachumba alikuwa na gari bovu, na mimi ndiye nilikuwa mguu wake. Yeye kalala chini na spana, mimi kwenye kiti. Kanyaga! Nakanyaga. Shikilia! Nashikilia, yeye anafungua kinati cha kwenye gurudumu, upepo unatoka, anafunga. Achia! Naachia. Haya, tena. Ile sauti yake kutoka chini ya gari niliipenda kuliko barua zake zote.

Nikamwambia: Jumamosi tutatoa upepo, kama zamani.

Kanijibu: Tutaona.

Tutaona!

Jumamosi, 11 Machi

Nimeona.

Kamleta fundi. Mwanamke. Mtaa mzima unamwita Dada Spana, ana gereji pale kona, ovaroli ya bluu, mikono ya kufungua chochote. Anacheka kwa sauti, meno yote nje. Kaniita wifi! Bwana ni kaka, kwa hiyo mimi wifi. Nani kamwambia nina wifi mwingine zaidi ya niliopewa na ndoa? Mama mkwe kampenda papo hapo. Chai kikombe kikubwa, kile cha wageni.

Sasa sikia. Bwana kataka kujifunza. Kwa hiyo yeye ndiye kalala chini na spana, na fundi — fundi wa watu! — kaambiwa akae kwenye kiti akanyage. Kazi ya mguu tu! Mguu! Mimi sina mguu? Mimi ninayekanyaga cherehani kutwa nzima, hatua tatu kutoka hapo, dirisha wazi?

Kanyaga! — Haya! — Shikilia! — Nimeshika, kaka! — Achia!

Nimeshona mkono wa kushoto wa gauni kwenye bega la kulia. Nimefumua. Nimeshona tena, hivyo hivyo.

Mama mkwe kaniangalia, kasema kana kwamba anaongea na kuku: wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nikamwambia shavu limevimba kwa jino, si kwa wivu.

Jumatatu, 13 Machi

Bwana kaitwa kazini kwa dharura. Nyumba kimya. Nimefungua boneti mwenyewe.

Kuna kikopo kidogo cha plastiki, ndimo yanakaa mafuta ya breki. Kina mstari. Mafuta yalikuwa chini ya mstari. Aha! Huyo fundi wao kaacha pungufu. Nikachovya kidole: meupe, mepesi, yanateleza. Yale yale ya kwangu. Nina chupa nzima ya mafuta ya cherehani, mpya, kaniletea bwana mwanzoni mwa mwezi bila hata kuombwa — zawadi pekee mwaka huu, nikaiweka kwenye droo kama manukato. Mafuta ni mafuta. Nikamimina hadi mstarini. Chupa ikaisha. Nikafuta kikopo kikang'aa, nikafunga boneti, nikangoja aje aone ni nani ana jicho nyumba hii.

Kaja. Kafungua. Kaona!

Kasema: Ajabu, hayajapungua hata tone. Dada Spana ana mkono mzuri.

Chupa tupu nimeirudisha kwenye droo.

Alhamisi, 16 Machi

Dada Spana kapita "kuangalia tu". Kaangalia mpaka giza. Bwana kampa kiti changu cha uvivu. Wifi, gauni zuri hilo, kasema kupitia dirishani. Nikafunga dirisha. Joto limeniua.

Jumamosi, 18 Machi

Nitaandika yote, usingizi hauji.

Leo ilikuwa ndiyo siku ya kutoka. Bwana kavaa shati la pasi. Mbele wanakaa watatu: bwana, mama mkwe, na katikati — Dada Spana, eti asikilize gia. Mimi? Nyuma, kwenye bodi, na tairi la akiba. Kama gunia la mkaa. Nimepanda. Nimetabasamu. Majirani wamenipungia.

Tumefika getini. Bwana kakanyaga breki kidogo, ajaribu. Gari ikasimama vizuri, wote wakashangilia. Kisha akataka kuondoka — haiondoki. Injini inanguruma, gari inatetemeka, magurudumu yamegoma. Breki zimeshika na haziachii. Harufu ya kuungua.

Dada Spana karuka chini, kafungua boneti. Kachovya kidole kwenye kikopo. Kanusa. Kasugua vidole viwili, taratibu, muda mrefu. Kisha kafungua gurudumu moja, katoa viraba vya ndani: vimevimba kama vitumbua. Kasema breki zina mafuta yake peke yake. Ukitia mengine yoyote, viraba vinavimba. Shukuru vimeshika hapa getini, kasema. Vingeanza kuleta vituko kule mteremkoni, na mama yupo mbele . . .

Dada Spana kainua macho. Hakuniangalia mimi. Kaangalia dirisha langu, cherehani, kisha vidole vyake. Ndipo akaniangalia.

Bwana kauliza: Mafuta gani sasa yameingia?

Nikafumba macho.

Kasema: Feki, kaka. Umeuziwa feki.

Jumapili, 19 Machi

Kanisitiri. Nani kamwomba?

Nimegeuza hili jambo pande zote kama koti la mitumba. Labda ana huruma. Labda anataka awe na kamba yangu mkononi, aivute siku akitaka. Labda, na hii ndiyo inaniuma, anafurahi tu. Maana viraba vyote vinabadilishwa, mabomba yote yanasafishwa, na yeye atakuja kila jioni wiki nzima. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeingia, tena na ngazi nimeivuta.

Ningempenda kidogo tu kama asingekuwa mwema.

Jumatano, 22 Machi

Mambo yamekuwa makubwa. Bwana kaenda dukani kwa muuza spea aliyemuuzia yale mafuta, kagombana naye mbele ya wateja. Yule mzee kaapa kwa wanawe kwamba mafuta yake ni halali. Bwana kamwita tapeli. Sasa anapita mtaani anawaonya watu wasinunue pale. Leo kinyozi kaniambia duka lina nzi tu. Mzee mwenyewe kakaa mlangoni, kashika shavu.

Mimi ndiye nimemshikisha.

Jioni nikasema leo namwambia. Nimepika, nimeketi, nimesema: Baba watoto, kuna jambo. Kaitika vizuri, kaniangalia usoni hasa, jambo ambalo ni nadra. Nikafungua mdomo. Uani ikasikika: Hodi kaka! Akasimama na tonge mkononi.

Nikala peke yangu. Jambo likabaki kooni.

Jumamosi, 25 Machi

Naandika haya ndani ya Bi Mkubwa. Kijidaftari nimekiegemeza kwenye usukani, penseli ni ile ya kuchorea vitambaa, ilikuwa mfukoni mwa aproni. Mguu wangu wa kulia uko kwenye breki, hadi chini, na siruhusiwi kuutoa.

Nianze mwanzo. Asubuhi bwana kasimama dirishani kwangu. Dada Spana ana wateja gereji kwake, kasema, na viraba vipya vimeshaingia, bado upepo tu. Kajikuna kichwa. Kisha: Mama watoto, njoo unipe mguu.

Nimeacha cherehani ikizunguka yenyewe!

Nimepanda. Kalala chini. Kanyaga! Shikilia! Achia! Sauti ile ile, imekwaruza kidogo. Gurudumu la kwanza. La pili. Kwenye la pili kaniambia: hujasahau. Nikamwambia: mguu wangu unakanyaga kila siku, wewe ndiye umesahau. Kacheka huko chini mpaka kakohoa. Kasema alidhani kazi za grisi nilishazichoka, ndiyo maana hakunisumbua. Hakunisumbua! Mume wangu, nisumbue! Nilisema kwa sauti, na mama mkwe barazani akajifanya analala.

La tatu. Nikajiambia: tukimaliza la nne namwambia. Yote. Halafu twende wote kwa yule mzee, mimi mbele.

La nne: Kanyaga! Nikakanyaga. Shikilia! Akafungua kinati — na spana ikateleza. Kinati kimelika, hakishikiki, na kiko wazi. Kapiga kelele: Usiachie! Ukiachia kinavuta upepo tunaanza upya! Katoka chini mbio. Anamfuata Dada Spana, ana koleo la kukibana.

Basi niko hapa. Ni kama nimemshikilia Dada Spana mlango ili aingie.

Wamefika. Sijui niliandika muda gani, mguu umekufa ganzi. Wamekuja wanaongea kinati, kinati tu, si kingine. Dada Spana kajilaza chini moja kwa moja. Wifi, uko imara? Nikasema niko imara. Mara ya kwanza nimemjibu vizuri.

Bwana kafungua mlango wangu, anipe maji. Mlango ukalia kwiii. Kaufunga, kaufungua. Kwiii. Kacheka. Kasema: bawaba hizi zinataka tone moja tu. Ile chupa ya mafuta ya cherehani niliyokununulia iko wapi?

Nikasema imekwisha.

Kasema: Yote? Mwezi haujaisha!

Chini yangu koleo likanyamaza.

Kasimama kidogo, maji bado mkononi mwake, ananiangalia usoni hasa. Kisha kaangalia kikopo cha breki, boneti ilikuwa wazi. Kisha kaweka maji chini na kaingia ndani, kuitafuta mwenyewe, kasema.

Nasikia droo ya cherehani inavutwa. Ile inayokwama.

Dada Spana, kwa sauti ndogo: Wifi, bado kidogo. Usiachie.

Siachii. Droo haijarudishwa. Miguu yake inakuja uani, haina haraka, na wangu umeanza kutetemeka.