Maandishi Chini ya Mama

Watou, 9 Septemba 2018

Mwanangu Veerle,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima huko Vilvoorde na unakula chakula cha kweli, si mikate ya kula umesimama. Mimi sijambo, ni goti tu linalonichokoza. Hopi yote tumeshaichuma kabla ya mvua, kwa hiyo bia yenu ya mjini haitakosa maua ya kuitia uchungu.

Wilfried wa baa ananiuliza kila siku kipindi chenu cha televisheni kinatoka lini. Nimealika watu kumi na mmoja waje kukitazama kwangu, na wote nimewaambia kwamba mhariri ni binti yangu. Mwaka umepita tangu mlipotupiga picha shambani, na miezi kumi tangu tumzike mama yako. Veerle, nina hamu ya kuisikia sauti yake hadi naona aibu kuandika.

Sharti letu unalijua. Msituandikie maneno chini ya skrini kana kwamba tumetoka ng'ambo. Watu wa mji wa Antwerp wanabwabwaja wapendavyo na hakuna anayewaandikia. Sisi tunasema lugha ileile, ila ya huku kwetu. Mama yako alikubali kamera kwa ahadi hiyo tu.

Baba

*

Vilvoorde, 18 Septemba 2018

Baba mpendwa,

Pole na goti. Nenda kwa daktari, usilipake mafuta ya ng'ombe. Mimi ni mzima, ila macho yamechoka.

Kipindi kitatoka Jumapili tarehe 14 Oktoba, baada ya taarifa ya habari. Wiki sita nimeshinda na Mama kwenye chumba cha uhariri. Ofisi nzima sasa wanamuiga anavyomfokea mpiga picha: "We bwana, toa hayo mabuti kwenye hopi yangu, kwenu hakuna mlango?" Nacheka, halafu natoka kwenda kulia chooni.

Maandishi hayatakuwepo. Nimeshawaambia.

Binti yako, Veerle

*

Watou, 15 Oktoba 2018

Veerle,

Sebule ilijaa. Mama yako alipofungua mdomo, maandishi yakatokea. Kisha Wilfried akasema, "Lo, Omer, kumbe miaka yote hii nakuuzia bia bila mkalimani!" Wakacheka. Na mimi nikacheka pamoja nao, nikimcheka mke wangu ndani ya nyumba yake.

Usinipigie simu.

Omer Dehouck

*

Vilvoorde, 23 Oktoba 2018

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima, ingawa najua hutaki salamu zangu. Umesaini jina lako lote kama unayeandikia benki.

Acha nikueleze. Kampuni yetu ni watu tisa, na tunaishi kwa kazi tunazopewa na televisheni ya umma. Siku kumi kabla ya kipindi kutoka, mama mmoja mkubwa wa televisheni hiyo huko Brussels alikitazama akasema, "Watu wa Limburg, upande wa pili wa nchi, hawataambulia hata neno." Ama tuweke maandishi, ama kipindi kihamishiwe mchana, wakati hakuna atazamaye, na kazi nyingine tusahau. Wenzangu wote walinigeukia. Nikakubali.

Na maandishi yenyewe niliyaandika mimi, Baba. Hapakuwa na mwingine aliyewaelewa. Nilipaswa kukwambia mapema, nikaogopa.

Nisamehe.

Veerle wako

*

Vilvoorde, 4 Februari 2019

Baba mpendwa,

Hujambo? Goti je? Hii ni barua ya nne na sijapata jibu. Jana Jumapili nilikuja nikagonga mlango. Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba, na baiskeli yako ilikuwa pale ukutani. Niliacha mkate wa zabibu dirishani.

Tafadhali, hii isome hadi mwisho. Kwenye kipindi Mama yumo sekunde arobaini tu. Lakini tulimpiga picha kwa muda wa saa tatu: akikusema kwa ile kofia yako, akiimba jikoni, akieleza mlivyokutana. Televisheni inahifadhi kipindi kilichokamilika tu. Picha zilizobaki ziko kwetu, kwenye diski, na tarehe 1 Machi diski zinafutwa ili zitumike kwa kipindi kipya cha waendesha baiskeli. Ndivyo ilivyo kwa kila kazi.

Naruhusiwa kukunakilia zote, ila mwanasheria anataka saini yako kwa sababu na wewe umo. Fomu hii hapa. Weka saini, tia kwenye bahasha. Si lazima uniandikie neno lolote.

Veerle

*

Vilvoorde, 26 Februari 2019

Baba,

Zimebaki siku tatu. Saini yako naijua kuliko yangu, niliighushi mara ngapi kwenye ripoti za shule! Fomu iko mbele yangu na kalamu ninayo. Lakini mkataba wangu unaisha Juni, na wakigundua hawatanipa mwingine.

Nakuomba, Baba. Kama si kwa ajili yangu, basi kwa ajili ya Mama.

Veerle

*

Watou, 12 Mei 2019

Mwanangu Veerle,

Salamu. Natumaini u mzima. Mimi goti limepona, lakini nyumba ni kimya mno.

Leo ni sikukuu ya akina mama. Nimemnunulia mama yako maua, nikayapeleka makaburini, nikarudi nikakosa hata mtu wa kugombana naye. Barua zako nilizipanga nyuma ya saa ya ukutani bila kuzifungua. Ni ukaidi, unanijua. Leo nimezifungua zote, moja baada ya nyingine.

Fomu hii hapa, nimeisaini. Tarehe naona imepita, lakini watu wa ofisini huwa wanachelewa. Waambie mzee alikuwa mgonjwa. Hasa ninataka ile anayoimba.

Baba

*

Vilvoorde, 17 Mei 2019

Baba mpendwa,

Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye gari na sikuweza kuliwasha.

Hawakuchelewa. Zilifutwa asubuhi ya tarehe mosi, mimi nikiwa chumba cha pili. Nilizisikia diski zikizunguka. Sikuweka saini yako, na sikusimama kuwazuia. Hakuna nakala, nimeuliza kila mtu. Nakuja Jumamosi ya tarehe 1 Juni. Usiponifungulia nitakaa mlangoni.

Veerle

*

Watou, 2 Juni 2019

Mwanangu Veerle,

Salamu. Natumaini ulifika salama jana. Umesahau skafu yako, iko kwenye kiti cha mama yako na nitaiacha hapo.

Tulipokuwa tunakunywa kahawa sikuweza kusema, kwa hiyo naandika. Maandishi ni kosa lako. Hili la diski tuligawane, na fungu kubwa ni langu. Ningefungua bahasha moja tu, angekuwa anaimba humu ndani.

Wilfried alikirekodi kipindi, akaniletea. Kila jioni baada ya supu naziangalia zile sekunde arobaini. Mwanzoni nilining'iniza kitambaa cha jikoni upande wa chini wa televisheni, nisiyaone maneno yako. Nikamwangalia hivyo siku tisa. Siku ya kumi nikagundua kwamba haonekani mikono. Anachambua hopi huku anaongea, na mikono yake iko kule chini, palepale penye maandishi.

Basi kitambaa nimekirudisha jikoni.

Baba