Njiti Nyuma ya Shingo ya Asger

Frode, hayo mafua yako yamekukosesha mkasa.

Unamjua Asger na mishumaa yake. Kila asubuhi tukimaliza kuimba kwa mwanga wa mishumaa katika ukumbi wa shule, anagusa utambi mmoja mmoja kuhakikisha umezimika. Ndiyo maana tulimtawaza Mheshimiwa Zimamoto.

Leo, katikati ya wimbo, Villads akawasha njiti ya kiberiti na kuizima nyuma ya shingo ya Asger, ili moshi umfikie. Akasubiri kelele.

Hakukuwa na kelele. Asger aliinuka, akatoka na soksi tu hadi kwenye theluji. Villads akamfuata akicheka. "Mheshimiwa, umesahau viatu."

Akamkuta ameyakodolea macho madirisha ya ukumbi akingoja moto utokeze, pumzi haishuki.

"Nilijua ni leo."

"Ulijua nini, wewe?"

"Kila siku najua ni leo."

Kila siku, Frode. Kicheko kikamkauka Villads mdomoni.

Mwalimu Birgitte akaja na blanketi. Akasema wasiwasi wa kawaida hutulia ukishaona mshumaa umezimika. Huu wa Asger hautulii, na wapo wataalamu wa kuutibu.

"Nimpigie mwanasaikolojia, Asger?"

"Nikiwa kwake, hapa atabaki nani?"

Hapo Villads, ambaye hajasema neno la maana tangu shule ifunguliwe Agosti, akasema, "Mimi."

"Utagusa tambi zote?"

"Zote."

Asger akamgeukia mwalimu. "Basi mpigie, Birgitte."

Sasa ni chakula cha mchana na Villads hajaja kula. Nimechungulia ukumbini. Yuko peke yake, na ameanza raundi ya pili.